Sketi Zilizofuata Mteremko

Wanawake waliochuma chai miaka mingi mimi huwajua kwa mikono. Mmoja wao akikata kipande cha uzi darasani kwangu, hakiweki mezani wala hakiangushi sakafuni. Anakirusha nyuma, juu ya bega, bila kuangalia, kwa sababu miaka yote hiyo kikapu kilikuwa mgongoni. Kikapu hakipo tena lakini mkono haujaambiwa. Mwisho wa somo nyuzi zote zimemwangukia aliyeketi nyuma yake, kichwani na mabegani, na maneno yanaanza. Nimeamua ugomvi wa nyuzi mara nyingi kuliko nilivyofundisha kushona vifungo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa Kisii, ndoa ikanileta huku Kericho, kisha ndoa hiyohiyo ikaniacha hukuhuku na watoto watatu na sufuria mbili. Sikurudi kwetu. Ningerudi nikamwambie nani nini? Mama mmoja aliyekuwa na cherehani barazani pale Chepseon alinitazama wiki nzima nikipita na kurudi nikitafuta vibarua, siku moja akanivutia kiti akasema, "Kaa hapa ukanyage. Haiumi." Nikakanyaga. Watoto wangu wamesoma kwa mguu huu wa kulia, wote watatu, na mpaka leo mvua ikikaribia mguu huo huniambia.

Kwa hiyo kanisa letu lilipoletewa cherehani nane na watu wema, na mchungaji akaniuliza kama ningeweza kufundisha akina mama wanaolea watoto peke yao, sikumwacha amalize. Tukapewa ukumbi nyuma ya kanisa, wenye sakafu ya saruji na paa la mabati. Mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati hakuna anayesikia kitu, basi tunaonyeshana kwa mikono mpaka ipite. Sheria yangu ilikuwa moja: wiki ya kwanza hakuna kusimulia jinsi mume alivyoondoka. Kwanza ujue kutia uzi kwenye sindano. Ukishajua kupinda nguo, ndipo utusimulie, kwa maana kupinda hakuhitaji akili nyingi na hadithi za waume pia hazihitaji.

Nina kasoro moja na Chepseon nzima inaijua. Hasira zangu zinakaa karibu na mdomo. Zikija haziniombi ruhusa. Zikishapita nabaki nauliza watu, "Kwani nilisema nini?" na watu, Mungu awabariki, hunikumbusha neno kwa neno.

Katika kundi la pili alikuja mama mmoja wa mapacha. Alikuwa Mkipsigis wa kutoka upande wa Bomet, hajafika miaka thelathini, mrefu, mkimya, na wasichana wake wawili wa miaka sita walifanana mpaka mwalimu wa chekechea akawafunga utepe wa rangi tofauti ili asikosee kuwaadhibu. Alikuwa amechuma chai miaka minane. Halafu shamba likaleta mashine za kuchuma, wanaume watatu wanashika moja, na kazi ya wanawake wengi ikaisha asubuhi moja wakiwa kwenye mstari wa kupangiwa kazi. Msimamizi aliwasomea majina kutoka kwenye karatasi, naye aliposikia lake, aliniambia baadaye, kitu cha kwanza alichofikiria si kazi. Alifikiria nyumba.

Nyumba za kambi ya shamba ni za kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Walimpa miezi mitatu, kisha arudishe ufunguo ofisini. Wazazi wake walishakufa. Boma lilikuwa la kaka yake, na kaka alikuwa amemwambia mbele ya watoto kwamba msichana aliyezaa nyumbani asije na mzigo wake akidhani kuna shamba la kugawana. Aliniambia hayo siku alipojua kupinda, sawasawa na sheria, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Nilimletea chai.

Alipokuja kwangu miezi miwili ilikuwa mbele yake. Akawa mwanafunzi wangu bora. Sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye, muulize yeyote. Mikono ya chai ina mbio, lakini wengi mbio zao hazina breki, wanashona mpaka kidole. Yeye alikuwa na mbio na jicho. Alikuja na kitu kimoja kilichotuchekesha, ule ufito wao wa kuchumia, mwembamba, mwepesi, umenyooka na kulainika kwa kushikwa. Wachumaji huulaza juu ya michai ili wajue wapi pa kuvunja majani, juu pawe sawa kote. Wao hupaita meza. Nilimwambia, "Hapa tuna tepu, mama, huo peleka ukasonge ugali." Akacheka, lakini kesho yake akaja nao tena.

Basi bahati ikabisha hodi. Shule moja ya msingi iko juu ya barabara, mwalimu mkuu wake ni mama kutoka upande wa ziwa, mrefu wa maneno na mfupi wa kimo, wote tunamwita Madam. Fundi wao mzee alikuwa ameacha kazi akarudi kwao. Alikuwa na chumba langoni mwa shule, cha kushonea mbele na cha kulala nyuma, na sare zote za shule zilikuwa zake. Madam alinipigia simu akaniuliza kama nina mwanamke wa kuaminika.

"Ninaye," nikasema kabla hajafika mwisho.

"Anishonee kwanza sketi thelathini za kwaya. Wasichana wanaenda mashindanoni. Nikiridhika, chumba ni chake."

Nilikata simu nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Hesabu ilikuwa rahisi hata mtoto angeiona. Mwezi ukiisha anarudisha ufunguo wa kambi. Akipata chumba cha langoni, ana kazi na paa siku hiyohiyo. Asipokipata, anaenda kwa kaka yake na wale watoto wawili, kusimama mlangoni mwa mtu aliyekwisha kusema hapana.

Tulinunua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, tukakata wote pamoja, yeye akashona. Kiuno safi, zipu imelala. Ilibaki kupinda chini tu, nami ndiye niliyemfundisha jinsi ya kupima upindo. Nilisema na nikarudia: usipime kutoka kiunoni kwenda chini, kwa sababu watoto hawana viuno sawa, mmoja ana tumbo, mwingine ana makalio. Msimamishe mtoto amevaa sketi, pima kutoka chini kwenda juu, zunguka naye, piga chaki, kata, pinda. Darasani tulifanya hivyo mara ngapi sijui.

Wikendi ile shangazi yangu akafariki. Nikaenda Kisii kumzika, na mazishi ya kwetu hayaishi siku moja. Niliporudi Jumatano, sijabadilisha hata viatu, nikapitia ukumbini. Sketi zilitakiwa Ijumaa. Mama wa mapacha alikuwa ananisubiri mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anacheka meno yote nje.

"Mwalimu, nimemaliza," akasema. "Zote. Nimepinda na kupiga pasi."

Alikuwa amewaomba wasichana wawili wa kwaya wapitie hapo baada ya masomo ili nione. Wakavaa, wakatoka nyuma ya pazia, wakasimama katikati ya sakafu.

Ala! Nilidhani ni macho yangu ya safari. Nikavua miwani, nikafuta, nikavaa tena. Sketi zilikuwa zimepinda upande. Kulia chini ya goti, kushoto zimepanda zimeonyesha goti lote. Nikamwambia mmoja ageuke. Alipogeuka wakawa wamesimama kama watu wawili wanaovutana, huyu kapanda huku, yule kapanda kule. Nikachukua sketi ya tatu kwenye gunia. Ya nne. Ya kumi. Zote, thelathini zote, zilikuwa zimepanda upande uleule.

Wanawake waliinua vichwa kutoka kwenye cherehani. Halafu mmoja nyuma akacheka puani, na kicheko kikawashika wengine.

"Ulizipimia wapi?" nikauliza.

"Uwanjani, mwalimu. Madarasani kulikuwa na mtihani." Alikuwa bado hajaelewa. Aliziangalia zile sketi na kuniangalia mimi na kuziangalia tena. "Lakini pale zilikuwa sawa. Nilipima na ufito. Zilikuwa sawa kabisa."

Ndiyo, zilikuwa sawa. Uwanja wa shule ile uko kwenye mteremko, kama kila kitu huku kwetu kilivyo kwenye mteremko, ukidondosha viazi utaviokota kwa jirani. Aliwasimamisha wasichana wale mmoja mmoja pahali pamoja, bega la kushoto likielekea mlimani, akapima kutoka chini kwenda juu, akalaza ufito ufuate ardhi kama alivyoulaza miaka minane. Kwenye chai ndivyo inavyotakiwa. Meza ya chai hufuata mteremko, ukiisawazisha kama maji utaua michai ya juu na kuacha ya chini iwe miti. Na alipowatazama hapohapo uwanjani, sketi na ardhi vilikwenda pamoja, akaona kazi nzuri. Akakata.

Hayo yote nayaeleza leo nikiwa nimetulia. Siku ile sikueleza kitu. Nilikuwa na uchovu wa mazishi, nilikuwa nimetoa neno langu kwa Madam, na kulikuwa na kile kicheko. Nilizungusha ile sketi hewani nikasema mbele ya wanawake wote, "Wewe rudi kwenye majani yako. Na hata huko mashine ilikushinda."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kicheko kilikatika. Hata mtoto aliyekuwa akilia chini ya meza alinyamaza, au mimi ndiye sikumsikia tena. Mama wa mapacha hakulia. Alivua tepu shingoni akaiweka juu ya cherehani, akaikunja vizuri kwanza. Akawasubiri wale wasichana wabadilishe nguo, akatia sketi zote gunia moja, akalibeba kichwani.

"Sawa, mwalimu," akasema, akatoka.

Nilimwacha aende. Sijui kwa nini tunafikiri mtu aliyenyamaza ametusamehe. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu.

Alhamisi hakuja. Nikapiga simu, yule mama wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga mara sita, jibu lilelile kwa sauti ileile ya adabu, mpaka nikamtukana na yeye. Darasani wanawake walishona bila kuniangalia. Mmoja, yule aliyecheka wa kwanza, akasema kwa sauti ya pembeni, "Na amebeba kitambaa cha watu." Nilimwambia afunge mdomo wake akashone. Lakini usemi ule ulinikaa.

Mchana nikaacha darasa nikatembea mpaka kambini. Ni mwendo wa saa moja kwa njia ya katikati ya michai, na nilikuwa peke yangu, na huko ndiko lile jambo lilikonifikia lote. Nilimfundisha kupima kutoka chini. Sikumwambia chini gani. Miaka yote nimefundisha kwenye sakafu ya saruji, haikunijia kwamba kuna mtu ambaye kwake chini ni kitu kilichoinama na ndivyo kilivyo sawa. Na ufito ule nilikuwa nimeuona kila siku, nikaucheka, sikuuliza hata mara moja unafanyaje kazi. Kuuliza si ujinga, tunawaambia wanafunzi. Mwalimu je?

Mlango wa nyumba yake ulikuwa na kufuli. Jirani, mama wa makamo aliyekuwa akianika nguo, alinisalimia kwanza kama inavyotakiwa, habari za nyumbani, habari za mvua, mimi nikijibu huku roho inanitoka. Halafu akasema, "Huyo ametoka asubuhi na mapema. Na watoto. Na godoro, wamelifunga kwa bodaboda."

"Ameenda wapi?"

"Hakusema. Labda kwa kaka yake Bomet. Ana wapi pengine?"

Niliketi kwenye kizingiti chake kama mwizi aliyechoka. Niliwaona wale mapacha wamesimama kwenye boma la watu, utepe mmoja wa kijani na mmoja wa njano, mtu mzima anawaangalia kutoka mlangoni na hawakaribishi. Na aliyewafikisha hapo hakuwa msimamizi wa chai wala mashine wala baba yao. Nilijua kuondoka na godoro kukoje. Niliondoka nalo mimi. Kama yule mama wa Chepseon angeniambia siku ile nusu ya nililolisema mimi, leo ningekuwa wapi? Nililia pale, sioni haya kusema, na jirani akajifanya anahesabu vibanio vya nguo.

Nilipoinuka nilikuwa na mpango, nao haukuwa mzuri. Ningekwenda kwa Madam. Ningemwambia kitambaa kilikuwa kibovu, tulikilowesha kikaruka kikawa kifupi, fundi hana kosa, tupewe wiki moja tutashona nyingine kwa kitambaa changu mwenyewe. Kisha ningemfuata Bomet hata kwa miguu. Njia nzima kwenda shuleni nilikuwa nafanya mazoezi ya uwongo ule, nikiongeza huku, nikipunguza huku, na mimi ni shemasi kanisani.

Madam alikuwa ofisini anatia sahihi vitabu. Nikaketi. "Madam," nikaanza, "zile sketi. Kuna tatizo la kitambaa—"

Akainua mkono kunisimamisha. "Kwani wewe na mwanafunzi wako hamzungumzi?"

Nikasukuma miwani juu ya pua.

"Alikuja hapa jana jioni na gunia kichwani," Madam akasema. "Aliniambia, 'Madam, sketi zenu zote nimeziharibu. Ni mimi. Mwalimu alikuwa matangani.' Akazimwaga hapo, kwenye kapeti yangu. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema maneno."

"Hata mimi," nikasema.

"Najua. Yeye hakuniambia, lakini nakujua." Akafunga kitabu. "Miaka yangu yote ya ualimu mafundi wamenipa sababu. Stima ilipotea. Uzi ulikuwa mbaya. Mtoto aliugua. Huyu hakunipa sababu hata moja, aliniuliza tu kama naweza kumwachia kile chumba mpaka Ijumaa azirekebishe, kwa sababu kambini hana cherehani na kwako hawezi kurudi. Nenda ukamwone. Na usiniambie tena habari za kitambaa."

Nikavuka uwanja nusu mbio. Langoni, kabla sijafika, nikasikia cherehani. Ilikuwa ya zamani, ya yule mzee, inalia kwa kukosa mafuta, na sijasikia kitu kizuri kama kile. Mapacha walikuwa nje wanaruka kamba. Godoro lilikuwa limeegeshwa ukutani. Yeye alikuwa ameinama juu ya meza, na kando yake sketi zimepangwa mafungu mawili.

Alikuwa amezisawazisha zote kwa ule upande mfupi, safari hii akiwa amewasimamisha wasichana kwenye saruji ya veranda. Zikawa fupi mno, bila shaka. Kwa hiyo chini ya kila moja alikuwa anaunga ukanda wa kitambaa cha njano cha mashati ya shule, upana wa kiganja, ili urefu urudi. Aliniona akasimamisha gurudumu kwa mkono. Hakusimama yeye.

Mimi sijui kuomba msamaha. Kwetu nyumbani mtu mzima akikosa anapika kuku, watu wanaelewa. Sikuwa na kuku. Nilisimama mlangoni nikasema, "Nilikosa. Kosa la kupima lilikuwa langu, na lile neno lilikuwa langu pia. Nisamehe."

Alitoa uzi uliokwama kwenye sindano. Halafu akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Mwalimu, kwa chai nimetukanwa sana. Lakini wale walikuwa wanatukana namba yangu. Hawakunijua. Wewe ulikuwa unanijua."

Hilo ndilo lililonichoma, na lilistahili. Sikujitetea. Nilisema ndiyo, nilikuwa nakujua.

"Usiniambie tena nirudi mahali," akasema.

"Sitakuambia."

"Haya. Kuna sindano hapo kwa dirisha."

Nikavuta ndoo nikaketi juu yake, nikaanza kupiga bandi. Tulishona mpaka watoto wa shule walipotoka kwenda nyumbani, na Ijumaa asubuhi nikarudi tukamalizia saba za mwisho. Hatukuzungumza sana. Mara moja tu alikata uzi akaurusha nyuma ya bega, ukaniangukia puani, na sikusema kitu, jamani, mimi! Akageuka akaniona na uzi puani. Akacheka mpaka akashika meza.

Saa nane Madam akaja na rula yake ya ubaoni, ya mbao, ya mita nzima. Wasichana thelathini walipangwa kwenye veranda, na Madam akapita na rula akipima kila mtoto mbele, nyuma, kulia, kushoto. Mkono wangu ulikuwa umemshika mama wa mapacha na nadhani nilimuumiza. Kwa msichana wa kumi na sita Madam alisimama, akapima mara ya pili. Mungu wangu. Akaendelea. Alipomaliza wa mwisho akasimama akaziangalia zote kwa mbali, kichwa upande.

"Sikuagiza njano," akasema.

Akageuza upindo mmoja, akautazama kwa ndani.

"Lakini zimenyooka." Akatoa ufunguo mfukoni mwa koti. "Fundi, chumba ni chako. Jumatatu tuzungumze sweta za darasa la kwanza. Na wewe," akanigeukia mimi, "pumua, usije ukaniangukia hapa."

Mama wa mapacha aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akainama kidogo kama wanavyofanya kwao, akasema, "Kongoi." Neno moja tu, asante. Alirudia mara tatu.

Jumamosi tulikwenda kambini na mkokoteni wa kukodi kuchukua vilivyobaki: kitanda, jiko, mabeseni, kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik alichoachiwa na mama yake. Alifagia nyumba ile ndani na nje, pembe zote, ingawa nilimwambia awaachie wenyewe. Ofisini karani alitafuta karatasi yake, akashangaa. Siku zake zilikuwa hazijaisha, alikuwa na wiki nzima mbele.

"Una haraka ya wapi?" akamuuliza.

"Nyumbani," akasema, akauweka ufunguo wa kambi juu ya meza.

Kule langoni tulipanga vitu chumba cha nyuma. Ni chumba kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta. Kitanda kikaingia kwa taabu, jiko pembeni, nguo kwenye misumari. Mapacha waliingia na kutoka, wakijaribu mlango, wakiufunga kwa ndani na kuufungua, wakiufunga na kuufungua. Hakuna aliyewakataza. Mvua ya saa tisa ikaanza juu ya mabati.

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nipumzike kidogo, na hapo, bila onyo, machozi yakaja. Si ya huzuni. Yalikuwa yale ya mtu aliyebeba mzigo mbali na akautua, kisha mabega ndiyo yanauma. Nililia kwa kwikwi kama mtoto, nikijifuta kwa leso ya kichwani. Mapacha wakaacha mlango, wakaja wakasimama mbele yangu, wakanitazama kwa makini.

"Mama," mmoja akauliza, "mwalimu analia nini?"

Mama yao alikuwa anatundika nguo ya mwisho. Hakugeuka.

"Halii," akasema. "Amefika."